Mwongozo kamili wa ibada ya nyumbani kwa familia za Kigoma ambazo hazina ratiba ya kueleweka

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mchungaji hapa Kigoma na swali ninaloulizwa kuliko yote sio la mpinga Kristo wala la mwisho wa dunia, ni hili: mchungaji, ibada ya nyumbani tunaifanyaje, maana tunaanza vizuri wiki ya kwanza afu inakufa. Nimeulizwa Mwanga, nimeulizwa Gungu, nimeulizwa Kibirizi na mama ameshika beseni la dagaa mkononi. Nikaona bora niandike yote sehemu moja, ukikwama unarudi unasoma.

Kwanza niseme kwa nini inakufa. Inakufa kwa sababu tunafanya kanisa dogo sebuleni. Baba anasimama, anafungua kwa sala ndefu, nyimbo tatu, mahubiri nusu saa, maombi ya mataifa yote, na watoto washalala kwenye mkeka tangu wimbo wa pili. Kesho yake kila mtu ana sababu ya kuchelewa kurudi nyumbani. Nyumba sio kanisa jamani, nyumba ina sufuria jikoni, ina mtoto anayetaka kukojoa, ina mtu aliyetoka kazini miguu inawaka. Ukisoma Kumbukumbu la Torati 6 Musa anawaambia watu wayanene maneno ya Mungu wakiwa wamekaa nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Sasa hapo mimbari iko wapi? Haipo. Kwahiyo huu mwongozo wote unasimama kwenye jambo moja, ibada ya nyumbani iwe fupi na ifuate maisha ya nyumba yako yalivyo, usisubiri nyumba ibadilike ndo uanze.

HATUA YA KWANZA: ijue ratiba ya nyumba kabla hujapanga saa

Hapa ndo wengi wanaruka na hapa ndo penye kazi, kwahiyo nitakaa kidogo.

Chukua karatasi, andika kila mtu wa nyumbani anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Kila mtu, hadi bibi na binti wa kazi kama yupo. Mfanyakazi wa ofisini ni rahisi, anarudi jioni mnapanga saa mbili usiku imeisha hiyo. Ila Kigoma wangapi wako ofisini? Nyumba nyingi ninazozijua baba anaingia ziwani jioni jua likizama na anarudi alfajiri, mama anamsubiri mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, apokee dagaa aanike au awapandishe sokoni, watoto wanajitayarisha wenyewe kwenda shule. Yani kuna familia watu wote wanakuwa chini ya bati moja saa chache tu mchana na hapo baba kalala.

Sasa angalia mwezi. Sisemi mwezi wa kalenda, nasema mwezi wa juu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi hizi taa za betri na sola, na taa inafanya kazi kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwaka ziwa zima dagaa hawakusanyiki kwenye taa yako. Kwahiyo siku za mwezi mkubwa wavuvi wako nyumbani, wanashona nyavu, wanatengeneza mitumbwi. Hizo ndo siku za baba kuwepo kwenye ibada ya jioni. Siku za giza panga ibada bila yeye, na wala usimhesabie kama dhambi, yuko anatafuta ada ya shule.

Mi nashauri familia za wavuvi wawe na ratiba mbili, ya giza na ya mwezi. Ya giza ni mama na watoto, jioni kabla ya kula, dakika kumi. Ya mwezi ni wote, mnaweza kwenda hadi dakika ishirini, watu wanapiga na stori. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue miezi mitatu kuanzia katikati ya mwezi wa tano, kina baba walikaa nyumbani kila usiku, na kuna nyumba ibada ilichanua kipindi kile na kuna nyumba ugomvi ndo ulichanua maana pesa haikuwepo. Muda peke yake hautoshi kama hakuna mpango.

Kama we ni nesi una shifti za usiku, au bodaboda unalaza kichwa saa sita, kanuni ni ile ile, tafuta pale ambapo angalau watu wawili mnakutana. Wawili wanatosha, Bwana mwenyewe alisema wawili au watatu. Na Jumapili pumzikeni, mmetoka kanisani mchana mzima, waacheni watoto wacheze.

HATUA YA PILI: vitu vya kuandaa

Ni vichache. Biblia moja ya karatasi, na kama yupo bibi basi yenye herufi kubwa, usimnyime bibi nafasi ya kusoma kwa sababu anasoma polepole, polepole yake ndo inafanya watoto wasikilize. Kwa watoto wadogo Kiswahili cha Union Version kinawapita, ile tafsiri ya Habari Njema wanaielewa zaidi, ukiweza kuwa nazo zote mbili ni vizuri sana. Daftari moja la kawaida na kalamu iliyofungwa na kamba kwenye daftari, maana kalamu za nyumba yenye watoto mnazijua. Taa ya kuchaji, umeme ukikatika isiwe sababu.

Simu? Nimeshawahi kusema kanisani na narudia, Biblia ya kwenye simu ni Biblia kamili haina kasoro, ila ujumbe wa WhatsApp ukiingia katikati ya Zaburi jicho linaenda kwenye ujumbe. Kama unatumia simu zima data. Simu nyingine zote zikae mezani zimelala kifudifudi, ya baba ikiwa ya kwanza, watoto wanaangalia hiyo.

HATUA YA TATU: chagua cha kusoma, na usianze na Mwanzo

Watu wakiokoka vizuri wanataka kusoma Biblia yote na familia kuanzia Mwanzo. Mwanzo inaenda, Kutoka inaenda hadi Bahari ya Shamu, afu mnafika kwenye vipimo vya hema mnakwama, Walawi inawazika. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16, ni fupi, ina mwendo, na mambo mengi yanatokea ziwani au kando ya ziwa kwahiyo mtoto wa Kigoma hahitaji kuelezewa mtumbwi ni nini.

Msisome sura nzima. Someni kipande kimoja, kisa kimoja. Sura ya kwanza peke yake inagawanyika hivi: mstari wa 1 hadi 8 Yohana jangwani, 9 hadi 13 ubatizo na majaribu, 14 hadi 20 anawaita wavuvi, 21 hadi 28 mwenye pepo kwenye sinagogi, 29 hadi 34 mkwe wa Simoni ana homa, 35 hadi 39 Yesu anaamka alfajiri kwenda kuomba peke yake, 40 hadi 45 mwenye ukoma. Vipande saba. Na mkikwama siku moja mnaendelea mlipoishia, hamrudii nyuma wala hamlipizi deni.

Ngoja niwaonyeshe kipande cha tatu kinavyokuwa kwenye nyumba ya mvuvi. Mnasoma Yakobo na Yohana wako chomboni wanatengeneza nyavu, Yesu anawaita, wanamwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Sasa msomee hiyo mtoto ambaye baba yake ni kibarua kwenye mtumbwi wa mtu. Swali la kwanza litakuwa, kwahiyo wale watu wa mshahara walilipwa na nani siku ile? Kuna mzee wa kanisa aliniambia mjukuu wake aliuliza hivyo na yeye alitaka kumkaripia kwamba analeta utani kwenye neno la Mungu. Nikamwambia mzee wangu, huyo mtoto ndo kasoma, sisi wengine tulipita tu. Maana kumbe Zebedayo alikuwa na vibarua, hakuachwa peke yake na mzigo, na kumbe hawa vijana waliacha biashara inayoingiza kitu, hawakuwa watu wasio na kazi. Mazungumzo ya namna hiyo huwezi kuyapata kwenye mahubiri yangu ya Jumapili hata nikijiandaa wiki nzima.

HATUA YA NNE: dakika kumi zenyewe

Mnakaa, hamsimami. Wimbo mmoja, ubeti mmoja au miwili, mtoto ndo achague, hata akichagua ule ule wa jana na juzi mwachie.

Mtu mmoja anasoma kipande kwa sauti. Zamu kwa zamu, kesho mwingine. Asiyejua kusoma anasimulia kile cha jana alivyokikumbuka, na hapo utashangaa.

Afu swali moja. Moja tu. Usiulize "tunajifunza nini" maana jibu la watoto wote Tanzania nzima ni "tunajifunza tuwe na upendo" na mnahamia kwenye chakula. Uliza maswali yenye miguu: ungekuwepo pale ungesimama wapi? Nani kwenye kisa hiki amekasirika na ana haki ya kukasirika? Huyu mwenye ukoma angekuja mtaani kwetu leo angefikia nyumba ya nani? Ukiuliza hivyo nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu kwetu wachungaji na kina baba, tunauliza afu tunajibu wenyewe.

Afu maombi, nayaelezea chini. Afu mmemaliza. Kama bado mnaongea endeleeni kuongea ila ibada imeisha, anayetaka kwenda kusonga ugali aende.

HATUA YA TANO: maombi, na hapa kuna mtego

Lile daftari, gawa ukurasa katikati. Kushoto andika mnachoomba na tarehe, kulia acha wazi. Mkijibiwa mnaandika kulia. Msiandike "tunaomba baraka", baraka gani? Andika: ada ya huyu, kikohozi cha bibi, mkopo wa kausha damu uliobaki kiasi fulani, jua litoke dagaa wakauke wasivunde kwenye mvua hizi. Mambo yenyewe ya nyumba. Watu wengine wanaona aibu kumtajia Mungu mkopo kana kwamba hajui, wakati Bwana katufundisha kuomba mkate wa leo na kusamehewa deni kwenye sala moja.

Kulia kutabaki na mapengo. Usiyazibe kwa nguvu. Mtoto akiona bibi aliombewa na bado akafariki, na daftari liko wazi pale, usiandike "Mungu alijibu kwa njia nyingine" haraka haraka ili kumlinda Mungu. Mwache aone kwamba tunaomba na kuna vingine tunabaki navyo mikononi.

Sasa mtego. Maombi ya nyumbani yanageuka fimbo kirahisi sana. Mama kafumba macho, mume yuko pembeni, "Bwana mguse kila anayemaliza hela kwa pombe kwenye nyumba hii, Bwana mfungue macho aione aibu yake." Hayo sio maombi ndugu yangu, hiyo ni meseji imepitishwa kwa Mungu ili isijibiwe. Na kina baba nao, "Bwana wape watoto wa nyumba hii utii, hasa yule aliyeshindwa mtihani." Mtoto anajifunza kwamba wakati wa maombi ndo wakati wa kusemwa huku huruhusiwi kujitetea, akifika kidato cha kwanza hataki kusikia. Sheria yangu ni hii: jambo ulilonalo na mtu aliyekaa hapo, mwambie yeye kwanza macho yakiwa wazi, ukimaliza kama amekubali ndo muliombee pamoja.

Kila mtu aombe sentensi moja. Anayetaka kunyamaza aseme amina.

HATUA YA SITA: baba hayupo, nani aongoze?

Hili limeleta maneno hadi kwenye vikao vya wazee. Wapo wanaosema baba ni kichwa asipokuwepo ibada isifanyike. Mi naona nyumba ambayo ibada inasubiri baba atoke ziwani ni nyumba isiyo na ibada. Timotheo imani yake Paulo anaitaja kwamba ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, iko pale 2 Timotheo 1:5. Mama ongoza. Mama naye akiwa mwaloni mtoto mkubwa aongoze, asome, waombe, wafunge mlango walale.

Ila mwenye baba aliye ziwani mshirikisheni. Kabla hajatoka jioni mtoto amwambie leo tunasoma nini, sentensi moja tu mlangoni. Huko katikati ya ziwa mtandao hamna, ila akirudi asubuhi anamuuliza mtoto, ehe, ikawaje? Kipande kizuri kwa siku hizo ni Marko 6:45 hadi 52, wanafunzi wanataabika kwa makasia, upepo unawakabili, na Yesu anawajia zamu ya nne ya usiku, hiyo ni kuanzia kama saa tisa kuelekea alfajiri. Mke wa mvuvi hahitaji mchungaji amfafanulie saa tisa usiku upepo ukivuma kunakuwaje, anayetakiwa kukaa kimya asikilize ni mchungaji.

Na siku mtumbwi umerudi mtupu, Yohana 21. Wamekesha hawajapata kitu. Mnawapenda wale samaki 153 najua, ila angalieni kwamba wakifika pwani wanamkuta Bwana tayari ameshawasha moto wa makaa na ana samaki juu yake, na mkate. Aliwaandalia chai ya asubuhi kabla hawajahesabu walichovua.

HATUA YA SABA: nyumba yenye dini mbili

Hii ni Kigoma, tusidanganyane. Ujiji ilikuwa na Waislamu kabla wamishenari wa London Missionary Society hawajafika 1878 na White Fathers, wale mapadri wa Kikatoliki, kuwafuata mwaka uliofuata, kwahiyo kwenye ardhi hii Wakristo ndo tuliobisha hodi. Leo kwenye ukoo mmoja unakuta mama mkwe anaswali, mtoto wa kwanza Mkatoliki, wa pili Mlokole, wa tatu Msabato, na wote wanakula mgebuka sahani moja.

Cha kufanya ni hiki. Mkwe wako akiwa anaishi hapo, mwambie kabla, kwa adabu: shikamoo mama, jioni huwa tunasoma kidogo na watoto, tungependa isikusumbue, saa gani inakufaa? Usipange saa ya magharibi anapotawadha. Sauti iwe ya kawaida, Mungu hakai Burundi. Akitaka kukaa asikilize mkaribishe, akitaka kwenda chumbani asionekane amekimbia. Na usichague siku hiyo hiyo kusoma kipande cha kumpiga yeye vijembe, watu wazima wanajua wanapopigwa vijembe. Mwezi wa Ramadhani sogeza ibada ili isigongane na futari, na mkialikwa futari nendeni, mtasoma mkirudi.

Wakristo wa makanisa tofauti ni rahisi zaidi, anayefanya ishara ya msalaba afanye, asiyefanya asimkodolee macho.

HATUA YA NANE: siku zilizoharibika

Kuna ugomvi umetokea mchana, mke na mume hawaongei. Msilazimishe ibada kamili ya kuigiza mbele ya watoto, wanajua. Mtoto asome Zaburi fupi, ya 133 ina mistari mitatu na ya 134 pia mitatu, basi, lala.

Kuna msiba. Hapo nyumba imejaa watu, mikeka hadi nje, ibada za kanisa zipo, nyie kama familia pumzikeni. Ila usiku wageni wakilala, watoto huwa macho. Kaa nao. Mtoto atakuuliza, kama Mungu anaona mbona mtumbwi wa baba fulani ulizama? Usimpe jibu la kwamba Mungu alimpenda zaidi, mtoto atamuogopa Mungu anayependa namna hiyo. Mwambie sijui mwanangu. Afu msomee Marko 4, dhoruba, maji yanaingia chomboni, Yesu amelala shetrini, yani nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto wa kulalia, na wanafunzi wanamwamsha kwa kumuuliza, Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia? Mwonyeshe kwamba swali lake liko ndani ya Biblia, limeulizwa na watu waliokuwa wamekaa na Yesu mtumbwi mmoja, na hawakufukuzwa kwa kuuliza.

HATUA YA TISA: imekatika, mnaanzaje tena?

Itakatika. Dagaa wakiwa wengi hamlali, mitihani ikija, wageni wa Kasulu wakija wiki nzima. Siku ya kurudi usiitishe kikao cha toba wala usitafute nani alisababisha. Fungua mlipoishia, soma, uliza swali lako moja, omba. Watoto wa bweni wakiondoka wape vipande vya wiki vimeandikwa kwenye karatasi, nyie nyumbani mnasoma hivyo hivyo, akirudi likizo hajapitwa.

Mkimaliza Marko nendeni Ruthu, sura nne, kila sura ikatwe mara mbili mnapata vipande vinane, na sura ya tatu kule uwanja wa kupuria mzazi aisome peke yake kwanza ajiandae na maswali. Afu Yona, nne tena. Afu Yakobo, tano, huyo msome taratibu maana anasema kuhusu ulimi na ujira wa vibarua na kwenye nyumba za biashara anauma. Mkifika hapo hamieni Methali, ina sura 31, soma sura ya tarehe ya siku hiyo lakini chagua mistari miwili tu, aliyechagua aseme kwa nini, na siku za mwezi mkubwa mwachieni baba ndo achague.